Kaka Dismas na Amana ya Bibi Bilkis

Programu mliyoshika mikononi ni ya pili. Ya kwanza ilishachapwa Jumanne, na ndani yake niliandika kwamba kaka yangu amefariki kazi yake ikiwa haijaisha. Jumatano jioni maneno hayo yakawa uongo, ikabidi Festus, mwanawe, azitupe programu zote na mimi nikae chini kuandika upya. Kama kuna mwenye nakala ya kwanza, naomba asiisome.

Naitwa Asumpta Shekigenda, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Shemeji yangu Clara ameniomba nisome kwa sababu yeye hawezi, na pia kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, mimi ndiye niliyegombana na marehemu kuliko mtu yeyote. Ni kweli. Tuligombana miaka mingi juu ya jambo moja tu, kwamba arudi nyumbani, na yeye hakurudi.

Marehemu Dismas Leonsi Shekigenda alizaliwa tarehe 3 Mei 1960 katika kijiji cha Gare, wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Leonsi, fundi seremala wa misheni, na Mama Theresia. Mwaka 1969 baba alipata kazi ya kutengeneza makabati ya vitabu kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa na shamba la mapeasi kule Magamba, Bwana Tunstead, na wakati wa likizo alikuwa akienda na Dismas. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya ukoo wa huyo Bwana, vilivyochapwa Uingereza zamani sana, wakati kazi ya kuchapa vitabu ilikuwa bado ngeni kule. Alivileta kwa meli kwa kuwa aliamini baridi ya Usambara itavitunza. Marehemu alimuuliza baba kama kuna mtu aliyewahi kuvisoma vyote, na baba akamjibu kwamba hilo si swali la fundi. Kaka alipenda kutuambia kwamba siku hiyo ndipo alipoacha useremala, kabla hata hajauanza.

Bwana Tunstead alifariki mwaka 1971 katika hospitali ya Tanga. Hakuwa na mke wala mtoto, na alizikwa huko huko Tanga na watu wasiomjua. Vitu vya nyumba yake vikapigwa mnada, na vitabu vikatawanyika, huyu kachukua kimoja, yule kachukua kikapu kizima. Makabati aliyotengeneza baba yangu yalinunuliwa na parokia, na mpaka leo yanatunza mavazi ya padri.

Marehemu alisoma shule ya msingi Gare kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha akaenda seminari ndogo ya Soni. Walimu wake walidhani atakuwa padri, na mama yetu alishaanza kuitwa mama padri sokoni, jina ambalo hakulikataa hata kidogo. Kidato cha tano na cha sita alisoma Tanga, akapita jeshini kama vijana wote wa wakati ule, na mwaka 1984 alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika somo la historia. Aliajiriwa kwenye maktaba jijini humo. Mwaka 1989 alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea vitabu vya kale, na kule alijifunza kutambua umri wa karatasi kwa kuinyanyua kwenye mwanga na asili ya ngozi kwa kuipapasa. Aliporudi tulimuuliza ujuzi huo utamfaa nani Tanzania. Alisema hajui bado.

Tarehe 22 Juni 1991 alifunga ndoa na Clara katika kanisa la Gare. Siku ya posa aliwaletea wakwe zake zawadi ya kamusi, na upande wa Clara waliutazama mfuko wake wakisubiri kitu kingine kitokee. Hakikutokea. Baba mkwe wake, ambaye naye ni marehemu, alitusimulia baadaye kwamba alimpa binti yake kwa sababu mwanamume asiyejua kudanganya hata kwenye posa hatamdanganya mke. Mungu aliwajalia watoto wawili, Michelle, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1994, na Festus, aliyezaliwa hapa Toronto mwaka 1999.

Sasa nieleze kilichomleta huku, maana wengi mlimfahamu kanisani tu na hamkujua anafanya kazi gani. Mpwa wa Bwana Tunstead, mama mmoja mzee aliyeishi Toronto, alitumia maisha yake kukusanya vitabu vya mjomba wake kutoka popote alipovipata. Alipokaribia kufa alivitoa kwa maktaba moja ya chuo katika jiji hili, pamoja na fedha, kwa sharti kwamba vilivyobaki vitafutwe. Maktaba ikatangaza kazi. Kaka aliomba, na katika walioomba ni yeye peke yake aliyewahi kuyaona makabati yale kwa macho yake. Walifika hapa mwezi wa tisa mwaka 1998, wakapata nyumba St. James Town, ghorofa ya ishirini na mbili.

Alikuwa mpelelezi wa vitabu, nasi tulimtania hivyo. Bwana Tunstead alikuwa na kawaida ya kubandika kikaratasi kidogo chenye pembe sita ndani ya kila kitabu, kuonyesha kinakaa kabati gani. Wanunuzi wengi walikibandua, lakini gundi huacha alama, na kaka aliijua alama ile kama anavyoijua sahani yake ya chakula. Aliandikia wauza vitabu, mapadri wastaafu na watoto wa maofisa wa zamani. Kitabu kimoja alikipata kwa daktari kule Durban, kingine Bristol, na kingine kilikuwa kikizuia mlango wa jikoni katika hoteli ya Tanga usijifunge. Kila kilipofika kimoja alimnunulia Clara keki. Kufikia mwaka 2007 kilikuwa kimebaki kimoja tu, kitabu kidogo cha kupandikiza miti ya matunda, kilichochapwa London mwaka 1592.

Alijua kilipokuwa kinakaa kwa sababu ya mdudu. Kati ya vitabu vilivyokuwa kabati la tatu la Bwana Tunstead, mdudu wa vitabu alikuwa ametoboa kitabu kimoja hadi jalada la nyuma, na kitabu kingine kilikuwa na tundu linaloanzia jalada la mbele. Lakini vitabu hivyo viwili ukivisimamisha pamoja matundu hayakutani. Palikuwa na kitabu katikati ambacho mdudu alikipitia. Marehemu aliacha nafasi tupu katika kabati la maktaba, akaweka hapo kipande cha ubao, na akawa anakiangalia kila asubuhi.

Ndugu zangu, hapa ndipo kaka alipofungwa, na sisi tulimwona akifungwa tusiweze kumfungua. Miaka ya mwanzo vibali vyake vilitegemea kazi hiyo. Mama yetu Theresia alipofariki mwaka 2003, karatasi zake zilikuwa katikati ya safari serikalini, na aliambiwa akitoka nchini huenda asiruhusiwe kuingia tena. Alizika mama kwa simu. Mimi ndiye niliyeshika simu ile kaburini, nikiielekeza upande wa wanaoimba. Nyimbo zilipoisha alisema, "Asumpta, mimi siji likizo. Nikija nimekuja. Kitabu cha mwisho kikiingia kabatini, siku hiyo hiyo nakata tiketi." Nilimjibu kwamba mama hakumzaa kwa ajili ya Bwana Tunstead. Akakata simu, na hatukuongea hadi Pasaka.

Mwaka 2006 nami nikaja huku kufanya kazi ya uuguzi, nikapanga Mount Dennis. Mwaka 2008 kaka akapata uraia, na kwa hiyo kile kizuizi cha karatasi kikawa hakipo. Nilidhani ataenda. Hakwenda. Michelle alimwambia siku moja mezani, mimi nikiwepo, "Dad, nenda tu. Nobody is stopping you." Kaka akajibu, "Ndiyo shida yenyewe, mwanangu." Aliendelea kula.

Huko nyuma, mwaka 1999, alikuwa amekutana na Alnasir katika duka linalouza mihogo kule Mississauga. Alimsikia akibishana na muuzaji kwa Kiswahili cha Lushoto, akaacha kikapu chake akamfuata. Ikawa kwamba Alnasir ni mtoto wa Bibi Bilkis, aliyekuwa na duka mjini Lushoto pamoja na mumewe, duka ambako sisi sote tulitumwa kununua sabuni na mafuta ya taa. Walihamia Kanada mwaka 1974. Bibi alipomwona kaka alisema, "Wewe mtoto wa fundi, baba yako mzima?" kana kwamba ametoka dukani juzi. Tangu siku hiyo marehemu alikuwa akienda kumsalimia mara moja moja, na siku ya kwanza kabisa alimuuliza kama familia yao ilinunua vitabu vyovyote katika mnada wa Tunstead, vitabu vya ngozi ya kahawia. Bibi alisema hapana, walinunua meza. Marehemu akaandika hapana.

Mwaka 2011 mjukuu wake, Azmina, alikuwa anapaka rangi sebule, na vitu vya kabatini vimehamishiwa mezani. Kulikuwa na picha, mizani ya dukani, na kijitabu kilichovikwa karatasi ya khaki. Kaka alidhani ni daftari la duka. Alikisogeza ili apate mahali pa kuweka kikombe.

"Usiweke chai hapo," Bibi akamwambia. "Hicho si chetu."

"Cha nani, Bibi?"

"Cha Bwana Tunstead. Alikiacha dukani siku anashuka Tanga hospitali. Mvua inanyesha, gari halina turubai. Kasema, nitakipitia nikirudi."

Kaka aliweka kikombe sakafuni. "Bibi, mimi nimekuuliza habari za vitabu vya Tunstead tangu mwaka tisini na tisa."

"Uliuliza tulichonunua. Hicho hatukununua. Hicho ni amana."

Mliokulia kwetu hamhitaji maelezo, lakini vijana wetu wa hapa niwaeleze. Duka la zamani halikuwa mahali pa kununua tu. Ulimwachia mwenye duka baiskeli, mfuko wa mahindi, hata mgonjwa, ukijua utakikuta kitu chako ulipokiacha. Bibi Bilkis alikivika kitabu kile khaki siku ile ile alipokuwa akivika madaftari ya watoto wake ya Januari, kwa gundi ya unga wa ngano, ili kisichafuke mwenyewe akija. Walipofunga duka na kuruhusiwa masanduku machache, aliacha vyombo vyake vya harusi akabeba kitabu cha mtu. Kaka alitafuta ngozi ya kahawia katika mabara matatu, kumbe miaka kumi na miwili alikuwa anakunywa chai karibu nacho.

Jumamosi iliyofuata alirudi na karatasi nyembamba aliyochorea lile tundu la mdudu. Bibi alikubali kitabu kifunguliwe mezani, ila yeye mwenyewe alishika pembe moja muda wote. Kaka aliinua kidogo ukingo wa khaki, akalaza karatasi yake juu ya ngozi. Tundu likakaa juu ya tundu.

"Bibi, mwenyewe alifariki mwaka sabini na moja," akasema.

"Nilisikia."

"Basi nipe nikipeleke kwa wenzake."

"Wewe ni nani kwake?"

"Si mtu wake. Mimi natafuta tu."

"Aje mtu wake."

"Hana mtu aliyebaki. Mpwa wake ameiachia maktaba."

"Maktaba ni nyumba," Bibi akasema. "Nyumba haina ndugu."

Marehemu aliwaeleza wakubwa wake ukweli wote, kwamba kitabu kimeonekana na hakijatolewa. Wakapendekeza wakili aandike barua. Kaka akawaambia wakili akitia mguu Mississauga, yeye anaacha kazi siku hiyo. Nawashukuru walimsikiliza. Alnasir naye, kwa nia njema, alimpa njia fupi. Alimwambia, "Bro, mwambie Ma wewe ndiye mrithi. Ataamini, yaani, finished." Kaka alikataa. Mimi nilimwambia aseme tu, ni neno moja, halafu apande ndege. Nilimpigia kelele kwenye simu. Alinijibu kwa upole kwamba amana haichukuliwi hivyo, na kwamba mimi pia najua.

Basi akawa anaenda kila Jumamosi. Alipanda treni, akapanda basi, akafika na mkate wa kumimina wa Clara. Anakunywa chai, wanaongea habari za Lushoto, nani alioa nani, mvua ya mwaka gani ilibomoa daraja lipi, na kabla ya kuaga anauliza, "Bibi, leo vipi?" Bibi anajibu, "Mwenyewe atakuja." Anarudi zake St. James Town. Mwaka mmoja ukaisha, na mwingine, na mwingine.

Mwezi wa pili mwaka 2016 figo zake zilishindwa kazi. Kuanzia hapo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Hata kama Bibi angempa kitabu siku hiyo, safari ingekuwa ngumu, maana mashine ya karibu tuliyoijua ilikuwa mbali na Gare, na barabara ile ya milimani mnaijua. Alistaafu mwaka 2019. Kisha lifti za jengo lao zikawa zinaharibika kila mara, na siku nyingine alikaa dirishani ghorofa ya ishirini na mbili, amevaa koti na viatu, akingoja kusikia kama zimepona. Nilimkuta hivyo zaidi ya mara moja. Mimi ni muuguzi, nimeona watu wengi waliofungwa na maradhi, lakini yeye kila mlango uliofunguka alikuta nyuma yake kuna mwingine. Iliniuma sana, na kwa kuwa iliniuma nilimgombeza.

Lakini hakuwa mtu wa huzuni, na sitaki mumkumbuke hivyo. Siku moja lifti ilikwama akiwa ndani na jirani yao, mama mmoja Mkongo aliyebeba samaki wa barafu. Barafu ikayeyuka, samaki wakaanza kunuka, na marehemu akaona ndiyo nafasi ya kumweleza yule mama habari za kitabu chake mwanzo hadi mwisho. Mama yule akamsikiliza, kisha akamuuliza, "Papa Dismas, na kama tunakufa humu, hiyo buku itabaki na nani?" Zimamoto walipofungua mlango walimkuta kaka amekaa chini anacheka mpaka machozi. Wale samaki tuliwala siku hiyo hiyo kwa Clara.

Mwezi Januari mwaka huu alipata maambukizi ambayo mwili wake haukuweza kuyashinda. Alilazwa tarehe 27. Jumamosi ya tarehe 8 Februari, alipoona hawezi kuinuka, aliniomba nimpigie Bibi simu. Alisema, "Mwambie leo siji. Mwambie nitakuja wiki ijayo." Nilipiga. Bibi akasema, "Sawa. Nitapika kitumbua." Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, Clara akiwa anamsomea masomo ya Misa ya siku hiyo, kaka yangu aliaga dunia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Jumatano tulikaa msibani katika ukumbi wa kanisa pale Mount Dennis, na wengi wenu mlikuwepo. Mzee Zephania, mwenyekiti wetu, alisimama na kutangaza yale yanayotangazwa katika kila msiba wa kwetu. Alisema, "Kama kuna mtu aliachiwa kitu na marehemu, au anacho kitu cha marehemu, aje mbele aonane na familia." Kwa kawaida hakuna anayejitokeza, na mshereheshaji anapita kwenye tangazo la chakula.

Sauti ikatoka nyuma. "Mimi ninacho."

Alikuwa Bibi Bilkis, miaka tisini na miwili, kwenye kiti chake cha magurudumu. Azmina akamsukuma hadi mbele. Bibi akafungua mtandio uliokuwa mapajani, na ndani yake kulikuwa na kijitabu cha khaki.

"Ndugu wa marehemu nani?" akauliza.

Nikasimama. "Mimi, Bibi. Mdogo wake."

"Njoo hapa, watu waone."

Nilienda, lakini mikono sikuinyoosha. Nilimkumbuka kaka akikataa lile neno moja miaka yote. Nikasema, "Bibi, marehemu wetu ni Dismas. Kitabu ni cha Bwana Tunstead."

"Nani hajui? Sijachanganyikiwa mimi," akasema. "Yule walimzika Tanga bila msiba. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeuliza nani ana kitu chake. Nimengoja mtu atangaze. Leo imetangazwa, na watu wapo. Na miaka yote hii aliyekuja kukiulizia ni mmoja, na mmoja huyo ndugu yake ni wewe. Shika."

Nikashika.

Nilipompelekea chai nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini hakumpa kaka mwenyewe alipokuwa hai. Hakunikwepa. Alisema, "Ningempa, Jumamosi angekuja kufanya nini?" Nilikasirika, ndugu zangu. Nasema hapa mbele ya jeneza lake, nilikasirika hata nikaenda nje kwenye theluji bila koti. Niliona mwanamume mzima amefungwa miaka kumi na minne ili bibi kizee apate mtu wa kuongea naye Kiswahili.

Alnasir alinifuata nje na koti langu. Akaniambia, "Sister, kaka yako alijua. I told him myself, zamani, nikamwambia Ma anakushikilia tu. Unajua alisema nini? Alisema, 'Najua, Alnasir. Na mimi nikikipata, Jumamosi nitaenda wapi?'" Nilivaa koti nikarudi ndani. Hasira haijaisha yote, lakini iliyobaki sijui tena nimkasirikie nani.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, nilikiweka kitabu mikononi mwa kaka, kwa sababu nilikabidhiwa mimi kwa ajili yake na ilipasa kimfikie. Kilikaa hapo wakati wa sala. Kisha nikamkabidhi Bi. Melissa, mkuu wa maktaba, ambaye yuko nasi hapa mstari wa pili. Ameahidi mbele yetu kwamba ile khaki haitavuliwa.

Marehemu ameacha mjane, Clara, watoto wawili, Michelle na Festus, dada yake mkubwa Prisca anayemngoja Gare, mimi mdogo wake, na wajomba, shangazi, wapwa na marafiki wa hapa na wa nyumbani. Ameacha pia Bibi Bilkis, ambaye amekuja leo na vitumbua kwa sababu aliambiwa wiki ijayo, na wiki ijayo ndiyo leo, Jumamosi. Bibi, tukishamzika, kila Jumamosi nitakuja mimi, na sitauliza chochote.

Mwili wa marehemu utazikwa Gare tarehe 22 Februari, kando ya mama. Bi. Melissa anasema kitabu kitaingia kabatini Jumanne asubuhi, na kile kipande cha ubao kitatolewa. Ndege inaondoka Jumanne jioni. Kaka, ulisema siku hiyo hiyo. Tiketi tumekata. Nenda nyumbani ukapumzike.